Rekodi za Wilt Chamberlain: zipi ni zake, zipi ni za zama zake

Ukitaka kuwasha mjadala kwenye kundi lolote la wapenzi wa mpira wa kikapu, taja jina la Wilt Chamberlain, senta wa zamani wa NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani. Hapo hapo atatokea wa kukwambia kwamba jamaa alifunga pointi 100 kwenye mechi moja, basi hakuna cha kujadili. Mwingine atamjibu kwamba alicheza enzi za watu wafupi, mechi zilikuwa za mbio tu bila ulinzi, kwa hiyo takwimu zake ziwekwe kando. Hoja hizi mbili nimezisikia kwa miaka mingi, na naona zote zina kasoro ile ile: zinachukua rekodi zake kama fungu moja, ukikubali moja umezikubali zote, ukikataa moja umezikataa zote. Lakini kila rekodi ina asili yake. Ziko zilizobebwa na zama, ziko zilizobebwa na mwili wake mwenyewe, na liko eneo zima la mchezo wake ambalo hakuna aliyeliandika rasmi.

Kwanza, mtu mwenyewe. Chamberlain alizaliwa Philadelphia, Marekani, tarehe 21 Agosti 1936. Urefu wake ulikuwa mita 2.16, na hakuwa mrefu wa kujikokota: alipokuwa Chuo Kikuu cha Kansas alishiriki pia riadha, akiruka juu. Aliondoka chuoni mwaka 1958 kabla ya kumaliza, na kwa kuwa kanuni za NBA hazikuruhusu kumsajili mchezaji ambaye wenzake wa darasa lake hawajahitimu, alikaa mwaka mzima akizunguka na Harlem Globetrotters, timu ya mechi za maonyesho. Mwaka 1959 akajiunga na Philadelphia Warriors. Msimu wake wa kwanza tu alimaliza na wastani wa pointi 37.6 na ribaundi (mipira inayodakwa baada ya mtupo kukosa) 27.0 kwa mechi, akabeba tuzo ya mchezaji mgeni bora na ya mchezaji bora wa ligi kwa pamoja. Tangu hapo ni Wes Unseld peke yake, mwaka 1969, aliyeweza kurudia jambo hilo.

Usiku wa Hershey

Ijumaa ya tarehe 2 Machi 1962, Warriors walicheza na New York Knicks katika mji wa Hershey, Pennsylvania, mji unaojulikana zaidi kwa kiwanda cha chokoleti. Enzi hizo NBA ilikuwa bado ligi ya kutafuta watazamaji, na timu zilipeleka baadhi ya mechi zao miji midogo ili kuuza tiketi. Waliofika walikuwa 4,124. Hapakuwa na televisheni. Kilichobaki ni sauti ya matangazo ya redio, picha chache, na karatasi ya takwimu.

Karatasi hiyo inastahili kusomwa taratibu. Robo ya kwanza Chamberlain alifunga pointi 23, ya pili 18, ya tatu 28, ya nne 31. Alitupa mitupo 63 ya kawaida, akafunga 36. Mitupo huru, ile ya pointi moja moja inayotolewa baada ya faulo, alipewa 32, akafunga 28. Hapo kwenye mitupo huru ndipo penye ajabu kubwa zaidi, maana maisha yake yote ya uchezaji alifunga kama nusu tu ya mitupo huru aliyopewa. Msimu ule alikuwa akiitupa kwa kuuinua mpira kutoka chini kati ya magoti, mtindo ambao wachezaji wengi waliuonea haya, na usiku ule ukamkubali. Kama angeitupa kwa kiwango chake cha kawaida angeishia kwenye 88 hivi, na huenda leo tusingekuwa na mjadala wowote.

Wanaoipinga mechi ile wana hoja yao, na ni ya kweli. Dakika za mwisho, matokeo yakiwa yameshajulikana, mchezo uligeuka kuwa vita vya namba. Knicks walikuwa wakiwafanyia faulo wachezaji wengine wa Warriors ili mpira usimfikie Chamberlain. Warriors nao wakawa wanawafanyia Knicks faulo ili wapate mpira haraka na kumpelekea. Kikapu cha pointi ya 100 kilipatikana zikiwa zimebaki sekunde 46, mashabiki wakamiminika uwanjani. Warriors walishinda 169 kwa 147.

Kwa hiyo, je, rekodi ile ni ya kutengenezwa? Mimi nasema hapana, kwa sababu rahisi: kabla vurugu za robo ya nne hazijaanza, mtu huyu tayari alikuwa na pointi 69. Tena haikuwa mara moja. Desemba ya msimu ule ule alifunga 78 dhidi ya Los Angeles Lakers kwenye mechi iliyokwenda nyongeza tatu, na Januari akafunga 73. Kobe Bryant alipofikisha 81 dhidi ya Toronto mwaka 2006, dunia nzima ilisimama, na bado alikuwa amepungukiwa 19.

Wastani wa pointi 50.4

Mechi moja inaweza kuwa bahati. Msimu mzima hauwezi. Mwaka huo wa 1961-62 Chamberlain alicheza mechi 80 na kufunga pointi 4,029, wastani wa 50.4. Mechi 45 kati ya hizo alifikisha 50 au zaidi. Kwa maisha yake yote ya msimu wa kawaida alifanya hivyo mara 118, na Michael Jordan, anayemfuata, alifanya mara 31.

Hapa ndipo hoja ya zama inapopata nguvu, na lazima tuipime kwa haki. Msimu ule ligi nzima ilikuwa ikifunga sana. Elgin Baylor alikuwa na wastani wa 38.3, ingawa alicheza mechi 48 tu kwa sababu ya utumishi wa jeshi. Walt Bellamy, mgeni kabisa kwenye ligi, alipata 31.6. Bob Pettit alikuwa na 31.1, Oscar Robertson na Jerry West 30.8 kila mmoja. Tena Robertson aliongeza wastani wa zaidi ya ribaundi kumi na asisti (pasi za kuzaa kikapu) kumi juu yake. Ukiona watu sita wamepita 30 kwenye ligi ya timu tisa, ujue hali ya hewa ya mchezo ilikuwa inasaidia.

Ilisaidia vipi? Timu ilikuwa ikitupa mitupo kama 108 kwa mechi, wakati siku hizi ni 89 hivi. Watu walikimbia, wakatupa haraka, wakakosa sana: wastani wa ligi wa kufunga ulikuwa chini ya asilimia 43. Lakini angalia upande wa pili, ambao wengi huuruka. Kwa kuwa walikosa sana na hapakuwa na mtupo wa pointi tatu (ulianza NBA msimu wa 1979-80), ile mitupo yote mingi iliwaletea wastani wa pointi 119 hivi kwa timu. Msimu wa 2023-24 wastani ulikuwa 114. Tofauti ni ndogo mno. Mtu anayesema kwamba pointi 50 za wakati ule ni sawa na 35 za leo hajapiga hesabu, kwa sababu jumla ya pointi zinazogawanywa uwanjani ni karibu ile ile. Kilichokuwa tofauti ni kwamba Chamberlain peke yake alitupa mara 39.5 kwa mechi, na leo hakuna kocha wala timu itakayompa mtu mmoja mipira mingi kiasi hicho. Sehemu ya rekodi ile, basi, ni uamuzi: Warriors walikubali kuucheza mchezo wao wote kupitia kwake. Naye akafunga zaidi ya nusu ya mitupo hiyo huku akizungukwa na watu wawili, watatu.

Ribaundi

Rekodi za ribaundi ndizo zilizonufaika zaidi na zama, na hapa nawakubalia wapinzani bila ubishi. Mipira ikikoswa mingi, ya kugombania nayo inakuwa mingi. Timu ya wakati ule ilipata karibu ribaundi 70 kwa mechi, ya sasa inapata 43 au 44. Kwa hiyo ribaundi 2,149 za msimu wa 1960-61, au zile 55 za mechi moja dhidi ya Boston Celtics tarehe 24 Novemba 1960, hazitafikiwa na yeyote, hata azaliwe nani, kwa sababu mipira yenyewe haipo.

Njia nzuri ya kusoma ni kuangalia sehemu aliyochukua kati ya yote iliyokuwepo. Msimu wa 1961-62 wastani wake wa 25.7 ulikuwa kama asilimia 18 ya ribaundi zote za mechi, za timu zote mbili zikijumlishwa. Ukiipeleka asilimia hiyo kwenye ligi ya leo unapata kama 15 au 16 kwa mechi. Domantas Sabonis aliongoza ligi msimu wa 2023-24 kwa 13.7. Chamberlain anashuka kutoka kwenye hadithi za majitu hadi duniani, lakini anashukia nafasi ya kwanza.

Dakika, rekodi ambayo ni yake peke yake

Kama ningeambiwa nichague rekodi moja ya Chamberlain inayosema ukweli wote juu yake, ningeacha zile 100, ningeacha na 50.4. Ningechukua dakika 48.5.

Mechi ya NBA ina dakika 48. Wastani wake wa dakika msimu wa 1961-62 ulizidi urefu wa mechi yenyewe, kwa sababu hakutoka hata kwenye muda wa nyongeza. Alicheza dakika 3,882 kati ya 3,890 ambazo timu yake ilicheza. Dakika nane zilizopotea hazikuwa za kupumzika wala kuumia: mwamuzi alimtoa kwenye mechi moja kwa faulo za kiufundi za kubishana. Mechi nyingine zote 79 alianza na kumaliza.

Hii haina maelezo ya zama. Hakuna mtu mwingine kwenye ligi ile ile, wa kimo chochote, aliyefanya hivyo. Bellamy aliishi kwenye kasi ile ile, Bill Russell, senta wa Boston Celtics, aliishi kwenye kasi ile ile. Kasi ambayo leo tunaitaja kama punguzo la thamani ya takwimu zake kwa kweli ndiyo inayoifanya rekodi hii kuwa nzito zaidi, maana dakika 48 za mwaka 1962 zilikuwa na mbio nyingi kuliko dakika 48 za leo, na zilikimbiwa na mtu wa mita 2.16 mwenye mwili mzito, anayesukumwa na kuning'iniwa na mabeki kila mpira unapomjia. Siku hizi anayeongoza ligi kwa dakika huwa na 37 au 38. Wastani wa Chamberlain kwa miaka yake yote 14, uzee ukiwemo, ni 45.8.

Iko na rekodi ndugu ya hii, ambayo haitajwi sana. Katika mechi 1,045 za msimu wa kawaida na 160 za mtoano hakuwahi hata mara moja kutolewa kwa kutimiza faulo sita. Wako waliomlaumu kwa hilo, wakidai kwamba akifika faulo ya nne au ya tano alilegeza ulinzi ili abaki uwanjani. Inawezekana. Hata hivyo kukaa uwanjani karibu mechi nzima, kwa miaka 14, kwenye nafasi ya senta, yule mrefu wa chini ya kikapu, ambako kila mpira ni kugongana, bila kufikisha faulo sita hata siku moja, ni nidhamu ambayo sijaona mfano wake.

Kwa nini basi hakupewa tuzo?

Msimu ule wa pointi 50.4 tuzo ya mchezaji bora haikwenda kwake. Ilikwenda kwa Bill Russell wa Boston, Chamberlain akawa wa pili. Anayesikia jambo hili kwa mara ya kwanza hudhani ni dhuluma. Lakini waliopiga kura wakati huo walikuwa wachezaji wenyewe, watu waliokuwa wakipambana na wote wawili usiku baada ya usiku, na wao waliona kitu ambacho karatasi ya takwimu haikuonyesha: Celtics walikuwa wanashinda. Russell alimaliza uchezaji wake na ubingwa mara 11 katika misimu 13. Chamberlain alimaliza na mara mbili.

Hata zile ribaundi 55, alizipata mbele ya Russell, na mechi ile Celtics ndio walioshinda. Mwaka huo wa 1962 Warriors waliwapeleka Celtics hadi mechi ya saba ya fainali ya kanda ya Mashariki, wakapoteza 109 kwa 107 kwa kikapu cha Sam Jones zikiwa zimebaki sekunde mbili. Mtupo ule ungegonga chuma, historia ya Chamberlain ingesimuliwa kwa sauti nyingine kabisa. Sioni haki kumhukumu mtu kwa mpira ambao hakuutupa yeye.

Na udhaifu wake halisi upo, haufichiki: mitupo huru. Kwa maisha yake yote alifunga asilimia 51 tu. Ule mtindo wa kutupa kutoka chini uliomfaa Hershey aliuacha baadaye, akarudi kuhangaika. Kwenye mechi za mtoano zinazoamuliwa kwa pointi mbili, tatu, asilimia hiyo ilikuwa na gharama.

Ligi ilivyombadilisha, naye alivyobadilika

Mwaka 1964 NBA ilipanua eneo la chini ya kikapu, lile ambalo mshambuliaji haruhusiwi kukaa zaidi ya sekunde tatu, kutoka futi 12 hadi 16, yaani kutoka mita 3.7 hivi hadi 4.9. Kila mtu alijua analengwa nani. Msimu uliofuata alipata wastani wa 34.7, na mwingine 33.5. Alishuka kidogo, akabaki kileleni: aliongoza ligi kwa ufungaji misimu saba mfululizo, 1960 hadi 1966, rekodi ambayo Jordan aliifikia lakini hakuipita.

Kilichombadilisha kweli ni kocha Alex Hannum, huko Philadelphia 76ers, timu aliyoichezea baada ya Warriors. Hannum alimtaka afunge kidogo na kugawa mpira zaidi. Msimu wa 1966-67 Chamberlain alishuka hadi pointi 24.1, akapandisha asisti hadi 7.8, akafunga asilimia 68.3 ya mitupo yake. Februari ya mwaka ule alifunga mitupo 35 mfululizo bila kukosa hata mmoja, mechi hadi mechi. Timu ilishinda 68 na kupoteza 13, ikawang'oa Celtics waliokuwa wamebeba ubingwa mara nane mfululizo, ikachukua kombe. Msimu uliofuata akaamua kuongoza ligi kwa jumla ya asisti, na akaongoza: 702. Senta mwingine aliyefanya hivyo kabla yake hakuwepo.

Mimi huu ndio Wilt ninayempenda kuliko yule wa 1962. Mtu aliyekuwa na haki zote za kung'ang'ania mpira akauachia, na akawa hatari zaidi. Mwaka 1972, akiwa na miaka 35 na Lakers, alikuwa sehemu ya timu iliyoshinda mechi 33 mfululizo, akachukua ubingwa wa pili na tuzo ya mchezaji bora wa fainali, akicheza zaidi kama mlinzi kuliko mfungaji. Msimu wa mwisho, 1972-73, alifunga asilimia 72.7 ya mitupo yake.

Zilizoanguka na zisizoandikwa

Baadhi ya rekodi zake zimevunjwa, na ni vizuri kutazama zilivunjwaje. Jumla ya pointi zake, 31,419, ilipitwa na Kareem Abdul-Jabbar mwaka 1984, naye Kareem akapitwa na LeBron James mwaka 2023. Hizo ni rekodi za kudumu muda mrefu: Kareem alicheza misimu 20, LeBron ameshapita hapo, Chamberlain alicheza 14. Ile asilimia 72.7 ilipitwa na Mitchell Robinson wa Knicks msimu wa 2019-20, mchezaji anayetupa mara chache kwa mechi na karibu yote akiwa amesimama chini ya kikapu. Jumla ya ribaundi, 23,924, bado ipo, na kwa hesabu niliyoonyesha hapo juu itaendelea kuwepo.

Limebaki lile eneo ambalo halikuandikwa. NBA ilianza kuhesabu rasmi mitupo iliyozuiwa, yaani bloku, msimu wa 1973-74. Chamberlain alistaafu 1973. Bloku zake za miaka 14, na za Russell za miaka 13, hazimo kwenye kitabu chochote cha ligi. Ndiyo maana orodha rasmi ya bloku inaongozwa na Waafrika wawili, Hakeem Olajuwon wa Nigeria mwenye 3,830 na marehemu Dikembe Mutombo, mzaliwa wa Kinshasa, mwenye 3,289. Wamezipata kihalali na hakuna wa kuwanyang'anya, ila orodha yenyewe inaanza pale wakubwa wawili wa kazi hiyo walipokuwa wameshavua viatu.

Lakers walipompoteza Chamberlain walimleta Elmore Smith kuchukua nafasi yake. Oktoba 1973, mwezi wa kwanza kabisa wa kuhesabu, Smith alizuia mitupo 17 kwenye mechi moja, na hadi leo hiyo ndiyo rekodi ya ligi.